Leseni ya Kuandika

Mwaka jana nilipata kibarua cha kumfundisha mtoto wa miaka 12 nyumbani kwao, mtaa wa Utawala. Wazazi wake walikuwa wamemtoa shule muhula uliotangulia. Mama yake alinieleza shida tukiwa bado mlangoni, hata viatu sijavua: "Hesabu anaweza. Kusoma anasoma. Lakini kuandika, ticha, hataki kabisa. Tukimlazimisha analia."

Mimi nikajua huo ni uvivu tu. Siku ya kwanza nikampa daftari jipya, nikamwambia aandike chochote kuhusu wikendi yake. Alikaa dakika 40. Aliandika tarehe, akaipigia mstari kwa rula, akaufuta mstari, akaupiga tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ticha, si unipe tu hesabu?"

Kisa chenyewe kilitoka wiki ya tatu, tukinywa chai. Kule shuleni, mwalimu alikuwa amechukua insha yake akaisoma mbele ya darasa zima ili wenzake wajue insha haiandikwi vile. Darasa lilicheka. Aliniambia hakumbuki tena insha ilihusu nini, anakumbuka tu kicheko. Tangu siku hiyo, kwake kalamu ilikuwa kitu cha kushikwa nacho.

Wacha niseme ukweli wangu pia. Mimi nilitoka chuo kikuu nikiwa mwaka wa tatu. Karo iliisha, halafu na hamu ikaisha. Tangu hapo naishi kwa kuandika: matangazo ya maduka, wasifu wa marehemu wa watu nisiowajua, makala za tovuti za kuuza magodoro. Pesa ndogo, lakini kodi inalipwa. Ila mtu akiniuliza nilisomea wapi, nabadilisha mada upesi sana. Kwa hivyo pale mezani tulikuwa wawili: mmoja anaogopa kuandika, mwingine anaandika huku akiogopa kuulizwa karatasi zake ziko wapi.

Mama wa kijana alitupatia mpaka mwezi wa nane. Kama hataandika, angempeleka shule ya bweni, na alikuwa ameshaichagua. Kijana alijua. Ndiyo maana kila nikitoa daftari, uso wake unabadilika.

Basi nikaanza kutafuta habari za watu waliojifunza kuandika nyumbani. Kusema kweli nilikuwa natafuta mbinu, nipate kulinda kibarua changu. Nilichokutana nacho kilikuwa swali: nani humruhusu mtu kuandika?

Swali hilo nililipata kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika kumbukumbu zake za utotoni, kitabu kilichotoka mwaka wa 2010, anasimulia ubishi kati yake na rafiki yake Kenneth, wakiwa bado watoto wa shule Limuru, kabla yeye hajaenda Alliance mwaka wa 1955. Walikuwa wamesoma hadithi ya visiwa na hazina ya Robert Louis Stevenson, na Ngũgĩ akatamani kuandika kama yule Mzungu. Lakini alikuwa na hakika kwamba mtu hawezi kuandika kitabu hivi hivi. Lazima uwe na vyeti, upewe leseni. Ukiandika bila leseni utakamatwa. Kenneth akamwambia hakuna kitu kama hicho, mtu anaandika tu. Wakabishana.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Hebu fikiria mtoto huyo alikuwa anaishi wapi na lini. Tangu miaka ya 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, karatasi ya kumtambulisha na kuonyesha amemfanyia kazi nani, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mmoja wa watu wa kwanza kushikwa alikuwa Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Gĩkũyũ, na alichokosea kilikuwa maandishi. Alikaa kizuizini miaka. Kwa hivyo mtoto wa Limuru aliyesema mtu anaweza kukamatwa kwa kuandika hakuwa anaota. Na zaidi ya miaka 20 baadaye, tukiwa na bendera yetu wenyewe, huyo mtoto akiwa sasa profesa alikamatwa kweli: Desemba 1977, baada ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kuigiza mchezo aliouandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kigĩkũyũ. Alikaa Kamĩtĩ mwaka mzima, akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni.

Shuleni nako leseni ilikuwa inatolewa na kunyang'anywa kila siku. Serikali ilipochukua shule za Wagĩkũyũ zilizojitegemea, lugha ya kufundishia ikawa Kiingereza, na ukisikika ukizungumza Kigĩkũyũ karibu na shule ulikuwa umepatikana. Ngũgĩ anaeleza jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto. Asubuhi anapewa mmoja, naye anamwekea yeyote atakayeteleza, na jioni mwalimu anafuata mnyororo mpaka awapate wote. Adhabu ilikuwa viboko, au kuvaa shingoni kipande cha bati kilichoandikwa kwamba wewe ni mjinga, wewe ni punda. Baba anavaa chuma shingoni akienda kazini, mtoto anavaa chake shuleni. Wengi wetu tuliosoma miaka ya 2000 tulikutana na mjukuu wa kile kifungo. Kwetu kiliitwa diski, na siku zingine kiliniangukia.

Halafu mtihani. Mwaka wa 1954, anasimulia Ngũgĩ, kulikuwa na mvulana shuleni mwao aliyepata alama za juu kabisa katika kila somo isipokuwa Kiingereza, ambacho alianguka. Akahesabiwa ameanguka mtihani wote. Akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alipita kawaida tu katika masomo mengine, lakini Kiingereza alifanya vyema, na nafasi ya Alliance akaipata yeye.

Sisi wa KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023, hatukuvishwa bati. Tulipewa insha ya alama 40. Unakumbuka tulivyoziandika? Kila mtu alirauka alfajiri na mapema kabla ya jogoo wa kwanza kuwika. Kila mtu alitoka shoti kama mshale. Hata mtoto ambaye hajawahi kuishi na jogoo, anayeishi ghorofa ya tano Pipeline, kwenye insha yake jogoo aliwika. Tulijua kwamba maneno yetu wenyewe hayana alama. Tukaazima ya wengine na kuyapanga, na tuliopanga vizuri tukaitwa waandishi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata 36. Mwanafunzi wangu wa Utawala shida yake ni kwamba hakuazima. Aliandika alivyoona, kwa tahajia aliyoiweza, na watu wakacheka.

Nikawa sasa nataka kujua: kabla ya mambo ya bati na alama 40, mtoto alipewaje kalamu nyumbani? Hilo lilinipeleka mbali na Limuru, mpaka kisiwa cha Pate.

Siyu leo ni mji mdogo sana. Ukifika, utaona ngome na mikoko na punda. Lakini karne ya 18 na ya 19 Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na waandishi. Mafundi wake walinakili Kurani kwa mkono, wakazipamba, wakazijalidi, na misahafu yao mpaka leo inatambulika kwa mapambo yake. Karatasi na wino vilikuwa kazi ya watu, kama vile leo Gikomba ni nguo. Mtawala wa Siyu katikati ya karne ya 19 alikuwa Bwana Mataka, mtu aliyemkatalia Seyyid Said wa Zanzibar na kupigana naye. Mke wake mmoja aliitwa Mwana Kupona binti Msham. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili hivi baadaye, mnamo 1858, mjane wake akiwa ameugua mwaka mzima alimtungia binti yao, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha.

Wengi tunaujua utendi huo kwa ubaya wake. Tulifundishwa kwamba ni kitabu cha kumwambia mke amtii mume, na kweli hayo yamo, tena mengi. Yamo pia maneno kuhusu watumwa yanayokukumbusha kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya wakubwa, na kwamba kuna watu waliosafisha sakafu ili wengine watunge. Sifichi hilo. Lakini rudi kwenye beti za mwanzo, zile tunazoziruka tukikimbilia ujumbe. Mwana Kupona anamwita binti yake, ambaye umri wake bado mdogo, asogee karibu. Anamwambia kwamba ana jambo moyoni. Halafu anamwambia achukue wino na karatasi.

Nilisoma hapo nikasimama. Utendi maarufu kuliko tenzi zote za Kiswahili zilizotungwa na mwanamke unaanza na somo la nyumbani. Mama mgonjwa ana maneno, binti ana kalamu. Mama hasemi, "Nionyeshe unachojua." Anasema njoo ukae hapa, nina kitu nataka kukuachia, na mkono utakaokiandika ni wako. Anayaita mawaidha yake hirizi ya kufunga kwa uzi, na kidani cha lulu na marijani. Ni kama anamvisha binti yake kitu shingoni, nacho si bati. Kuelekea mwisho anawaambia wanawake wausome utendi huo na kuuelewa. Yaani binti alipokuwa na kalamu mkononi, tayari kulikuwa na watu wanaosubiri kusoma.

Jumatatu iliyofuata sikutoa daftari. Nilimwambia kijana, "Leo wewe una maneno, mimi nina kalamu. Niambie chochote, nitaandika vile unasema." Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Halafu akaanza kuniambia kuhusu mbuzi wa jirani aliyeingia kibanda cha chipsi. Alisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, haraka, akisimama kunionyesha jinsi yule mbuzi alivyopanda juu ya benchi na kuwaangalia wateja "kama landilodi". Niliandika yote, na hiyo landilodi nikaiacha vile ilivyo.

Nilipomaliza nikamsomea. Alisikiliza akitabasamu, lakini katikati akanikatiza. "Hapo sikusema hivyo. Sikusema mbuzi alikimbia. Nilisema alitembea tu. Hiyo ndiyo ilifanya watu wacheke." Nikamsukumia karatasi na kalamu. Akakata neno *alikimbia*, akaandika juu yake *alitembeya tu*. Na ile *y* ya ziada ilikuwemo, na sikuigusa.

Ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu. Maneno mawili, na aliyaandika kunisahihisha mimi.

Baada ya hapo tulikwama tena. Kusema alisema, hata kusahihisha alisahihisha, lakini ukurasa mtupu bado ulimshinda. Mwezi wa sita ulikuwa unaisha. Mama yake aliacha kuniuliza tunaendeleaje, na ukifanya kazi za watu unajua kimya kama hicho maana yake nini.

Mtu wa pili niliyemfuata ni wa mbali zaidi, na pengine umenunua vitabu vyake vya mtumba pale Tom Mboya kwa hamsini hamsini. Agatha Christie alizaliwa mwaka wa 1890, mjini Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Dada yake mkubwa Madge alipelekwa shule. Agatha alibaki nyumbani. Mama yake, Clara, alikuwa na nadharia nyingi, na wakati huo nadharia yake ilikuwa kwamba mtoto hafai kusoma kabla ya miaka minane. Agatha hakungoja. Alifuata kwa macho vitabu alivyosomewa mpaka akayajua maneno kwa sura zao, na kabla ya kufika miaka mitano yaya wake akalazimika kwenda kumwomba mama msamaha: mtoto anajua kusoma. Kwa sababu aliyajua maneno kwa sura badala ya herufi, tahajia ilimsumbua maisha yake yote. Pale nyumbani alihesabika kuwa mzito. Madge alikuwa na maneno, Madge alikuwa na hadithi zilizochapishwa kwenye gazeti, na Agatha alikuwa na haya. Alipokuwa na miaka 11 baba yake akafariki, wakabaki yeye na mama katika nyumba kubwa yenye pesa kidogo.

Akiwa karibu na miaka 18 alishikwa na mafua makali, akalala kitandani amechoka na kila kitu. Mama yake akamwambia aandike hadithi, kama Madge. Agatha akajibu kwamba hadhani anaweza. Mama akamuuliza amejuaje hawezi na hajawahi kujaribu. Halafu Clara akaenda kutafuta daftari, akamletea. Siku chache baadaye kulikuwa na hadithi.

Hadithi hiyo ilikataliwa na magazeti. Akaandika riwaya, matukio yake Cairo, nayo wachapishaji wakaikataa. Hapo Clara akafanya kitu cha pili, na kwangu hicho ndicho kikubwa. Alimwambia bintiye aipeleke kwa jirani yao, Eden Phillpotts, mwandishi wa riwaya aliyejulikana wakati huo. Agatha aliona aibu, lakini alienda. Phillpotts aliisoma kazi ya msichana wa jirani kwa makini kama kazi ya mwandishi. Alimwambia ana kipaji cha mazungumzo ya wahusika. Alimwambia aondoe mahubiri, aache wahusika wenyewe wajieleze. Akamwandikia barua ya kumjulisha kwa wakala wake. Wakala naye akakataa riwaya, akamshauri aanze nyingine. Ilimchukua Agatha miaka kama kumi na mbili tangu lile daftari la kitandani mpaka kitabu chake cha kwanza, kile kilichomleta mpelelezi Hercule Poirot, kilipotoka mwaka wa 1920. Na hicho alikianza kwa sababu dada yake alimwambia hataweza.

Tena, isije ikaonekana kila mtoto anayesomea nyumbani anatoka hivyo. Clara alikuwa na nyumba, na wafanyakazi, na jirani mwandishi. Wazazi wengi Nairobi wana nyumba ya vyumba viwili na jirani anayechomelea madirisha. Lakini nilijua tulichokosa pale Utawala. Kijana wangu alikuwa na mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nalipwa. Hakuwa na mtu ambaye akiandika, huyo mtu atasoma kwa sababu anataka kujua.

Nikamuuliza ni nani angependa kumpa hadithi ya mbuzi. Hakufikiri sana. "Shosho."

Shosho wake anaishi Nyeri. Ana simu ya kubonyeza, na yeye na mjukuu huzungumza Jumapili kwa dakika mbili kabla ya salio kuisha. Nikamwambia tutamwandikia barua. Akasema, "Shosho hajui Kiswahili cha shule." Nikamjibu kwamba hata mbuzi hakuwa anajua.

Aliandika nusu ukurasa. Ilimchukua siku mbili. Hakurauka alfajiri na mapema, na hakuna jogoo aliyewika. Alianza hivi: Shosho, kuna mbuzi huku. Nilikaa naye mezani muda wote nikifanya kazi yangu ya magodoro, sikuchungulia. Aliponiuliza neno nilimwambia, asiponiuliza nilinyamaza. Tulitia barua kwenye bahasha pamoja na picha yake, tukaituma na parseli za matatu ya Nyeri.

Wiki moja ilipita. Kijana aliniuliza kila siku kama imefika, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nimemwekea mtego mbaya kuliko wa mwalimu wake. Halafu Jumapili Shosho akapiga simu. Binti wa jirani alikuwa amemsomea barua mara mbili. Shosho alikuwa na swali moja tu, na salio lilikatika kabla hajajibiwa: huyo mbuzi, mwishowe alienda wapi?

Jumatatu nilipofika, barua ya pili ilikuwa imeanza kabla sijavua viatu.

Hapa nirudi Limuru, kwa sababu kuna mtu niliyemruka. Mwaka wa 1947, Ngũgĩ alipelekwa shule na mama yake, Wanjikũ. Hakuwa anajua kusoma wala kuandika. Karo ilitoka kwenye jasho lake la shamba. Kabla ya kumpeleka, walifanya mapatano: mtoto asije akamwaibisha kwa kukataa shule siku moja ati kwa sababu kuna njaa au shida nyingine, na ajitahidi siku zote kadiri ya uwezo wake. Kila mtoto aliporudi na matokeo, mama hakuweza kuona kama jibu ni sahihi au si sahihi. Alichoweza kuuliza ni kama hapo ndipo uwezo wake ulipofika. Hata mtoto akimwambia amepata kumi kwa kumi, swali lilikuwa lile lile: huo ndio uwezo wako wote?

Zamani ningeona hilo ni swali la mzazi asiyeridhika. Sasa naona kingine. Wanjikũ hakuwa na kalamu nyekundu. Kwa hivyo alimwachia mtoto mwenyewe hukumu ya kazi yake. Mwalimu anajua alama, ila ni mtoto peke yake anayejua kama alijitolea. Ukiulizwa swali hilo miaka na miaka, nadhani kuna sauti fulani inakua ndani yako, na siku mwalimu au mhariri au askari akikuambia maandishi yako hayafai, angalau kuna hukumu ya pili.

Ni mama watatu, na hakuna kati yao aliyemfundisha mtoto wake sarufi kwanza. Wa Siyu alikuwa na maneno akampa binti kalamu. Wa Torquay alileta daftari, halafu akamtafutia msomaji nje ya nyumba. Wa Limuru alimwuliza mtoto anajipa alama gani. Shule zetu nyingi zilianza na kosa na kulivisha shingoni. Simaanishi makosa yaachwe. Mwanafunzi wangu na mimi tulikuja kufanya tahajia, na tuliifanya kweli, lakini kwenye barua zake mwenyewe, baada ya kuziandika, na kwa sababu alitaka binti wa jirani asikwame akisoma.

Mwisho wa mwezi wa nane mama yake aliketi nasi mezani. Kijana alimpa nakala za barua, kurasa saba kwa jumla. Alisoma kimya. Mbuzi, kibanda, ugomvi wa wenye kibanda na mwenye mbuzi, askari wa mtaa aliyeitwa akaja akanunua chipsi. Nilimwona akifikia mahali pa *alitembeya*, akatafuta kitu mezani kwa mkono, nadhani kalamu.

"Makosa bado ni mengi," akasema.

"Shosho alielewa," kijana akajibu.

Mama yake alinitazama, akamtazama mtoto, akaendelea kusoma. Shule ya bweni imesongezwa hadi Januari. Si ushindi mkubwa. Bado anachukia insha ukimpa kichwa cha insha. Bado akikosea huziba ukurasa kwa mkono ukipita nyuma yake. Januari ikifika huenda akapata mwalimu mwingine mwenye sauti kubwa, na sitakuwepo.

Wiki iliyopita nilimsimulia ubishi wa Ngũgĩ na Kenneth kuhusu leseni. Alisikiliza vizuri sana, akaniuliza ni nani alishinda. Nikamwambia wote wawili walikuwa na haki kidogo. Akafikiri. Halafu akaniuliza swali ambalo huwa nalikimbia: "Ticha, wewe ulisomea wapi kuandika?"

Nikamwambia. Chuo, mwaka wa tatu, karo, yote.

"Kwa hivyo huna leseni?"

"Sina."

"Na hawajakushika?"

"Bado."

Akacheka, akavuta daftari lake, akaniomba rula. Tarehe lazima ipigiwe mstari.